Mbwa wa shamba na madarasa yake matatu: kwanza ajue kurudi

Mihogo ikianza kukomaa, simu nyingi ninazopokea ni za nguruwe pori, nyani na ngedere. Leo sizungumzii uzio. Nazungumzia mlinzi ambaye wengi mnaye tayari hapo uani lakini hajafundishwa kazi, yaani mbwa.

Mama mmoja wa kule chini ziwani, upande wa Liuli, aliniambia: "Mwanangu, mbwa ninao watatu, ila mlinzi wa shamba ni mjukuu wangu." Mjukuu mwenyewe yuko darasa la tano. Siku nyani wakishuka mlimani haendi shule, anashinda shambani na debe lake. Mbwa walikuwa wamelala chini ya mwembe. Niliposogea wakabweka, bibi akaokota jiwe, wakatimkia nyuma ya nyumba. Nikamwuliza wanaitwaje. Akacheka. Mmoja anaitwa Simba, wengine hawana majina.

Hapo ndo nikajua tatizo linaanzia wapi. Mbwa asiye na jina utamwitaje arudi?

Kuna mchezo wa mbwa ulioanzia Uingereza. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, ili kuburudisha watazamaji, kwa kuiga mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Mbwa anaruka, anapita ndani ya bomba, anapanda ubao mwembamba, na mwenye mbwa anakimbia pembeni akimwelekeza kwa sauti na mkono. Sisi hatuna muda wa mchezo huo, shughuli ni nyingi. Lakini kuna jambo moja nimelipenda kwao: mbwa wanasoma kwa madarasa. Anayeanza anawekewa kiunzi kilicho chini kabisa, na hapandi darasa kwa sababu tu mwenyewe ana haraka.

Na usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Panya anaanza kwa kuzoea watu. Kisha anazoea kwamba akisikia mlio fulani, chakula kinafuata. Ndipo anaingizwa kwenye harufu. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa hapohapo Morogoro, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Hakufika huko kwa fimbo.

DARASA LA KWANZA: JINA NA KURUDI

Anza mtoto wa mbwa akiwa na miezi miwili. Mbwa mkubwa naye anafundishika, ila atachukua muda zaidi. Mpe jina fupi, na nyumba nzima mtumie hilohilo. Chukua dagaa wa Nyasa wakavu wasio na chumvi, au ukoko wa ugali, ukatekate vipande vidogo kama punje za mahindi. Fundisha kabla hajala, dakika 5 tu, mara mbili au tatu kwa siku. Dakika 30 mfululizo ni kumchosha bure, hashiki kitu.

Ita jina mara moja. Akikugeukia tu, mpe dagaa hapohapo. Ukichelewa mpaka ameanza kunusa kitu kingine, umemlipa kwa kunusa, siyo kwa kukusikiliza. Akishalijua jina, rudi nyuma hatua mbili useme "Njoo". Kesho hatua tano. Wiki ijayo ishirini. Baadaye mfunge kamba ndefu ya mita 10 hivi, umwite wakati kuku wanapita au watoto wanacheza mpira. Asipokuja usipige kelele mara kumi. Vuta kamba taratibu hadi akufikie, kisha mpe chakula chake vilevile.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo tunapoharibu wote. Mbwa amekimbia, umemwita, amechelewa, mwisho amekuja. Wewe una hasira, unamchapa. Unadhani umemfundisha asitoroke? Yeye amejifunza kwamba "njoo" maana yake kipigo. Kesho ukimwita anakaa mbali anakuangalia, nawe unasema mbwa huyu hana akili. Akija, hata kama amechelewa vipi, anapokelewa vizuri. Hasira imalizie kwingine.

Katika miezi hiyo ya mwanzo mzoeshe pia mbuzi, kuku, pikipiki na wageni. Kinachozoeleka utotoni hakimtishi ukubwani, na mbwa wengi wanaong'ata watu ni waoga.

Mtihani wa darasa hili: mwite mara 10 kuku wakiwepo. Akija mara 9, amefaulu. Akija mara 6, anarudia darasa. Hakuna kupenyeza.

DARASA LA PILI: VIUNZI VYA NYUMBANI

Kuanzia miezi sita hivi. Huhitaji kununua kitu. Lala gogo chini avuke. Simamisha tairi bovu apite katikati. Laza ngazi chini atembee kati ya vipago bila kujikwaa. Toboa gunia pande zote mbili, mtoto ashike upande mmoja, mbwa apenye. Anajifunza kuweka mguu vizuri, na zaidi anajifunza kukutazama wewe akiwa katikati ya kazi. Ongeza "Subiri" na "Acha". Hiyo "Acha" fundisha kwa kufumba dagaa mkononi: akiacha kuhangaika na mkono, ndipo unampa.

Kuruka juu bado. Mifupa ya mbwa inaendelea kukua hadi mwaka mmoja, na wenye maumbo makubwa hadi mwaka na nusu. Hapa nina deni langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimwambia kijana mmoja ampeleke mbwa wake wa miezi mitano shambani pamoja na wakubwa, "atajifunza kwa kuwaona". Akaruka mtaro akiwafuata, akavunjika mguu wa mbele. Alipona, lakini anachechemea hadi leo, na yule kijana kila tukikutana ananiuliza kama bado nafundisha. Haki yake.

Huku juu Litembo na Maguu uwanja wa mafunzo mnao tayari: ngoro. Mfunge kamba, mtembeze juu ya matuta yanayozunguka mashimo, kila siku kwa njia ileile. Mbwa anayekatiza hovyo anabomoa kingo na kulalia maharage, halafu hasara yake inazidi ya ngedere. Kule ziwani mzoesheni kupanda mtumbwi na kukaa ametulia. Msimwache akanywe maji peke yake kwenye midomo ya mito, mamba hawachagui.

DARASA LA TATU: KULINDA

Awe ametimiza mwaka mmoja na nusu. Kazi yake ni kubweka, kusukuma mnyama hadi mpakani, na kurudi. Siyo kupigana. Nguruwe pori dume ana meno ya kupasua tumbo la mbwa, na nyani dume anaweza kumshinda mbwa mmoja kirahisi. Tembea naye kuzunguka mpaka wa shamba asubuhi na jioni. Kila mkifika mpakani, "Njoo", dagaa. Baada ya wiki kadhaa anajua eneo lake linaishia wapi. Nyani na ngedere ni wa mchana, nguruwe huja zaidi usiku, na usiku mbwa asiende bila mtu mzima mwenye tochi.

Mbwa asiyerudi ana hatari nyingine. Akivuka mpaka akaua mbuzi wa jirani, utalipa wewe. Na kuwinda wanyamapori kwa mbwa bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo kama "njoo" bado inasuasua, mrudishe darasa la kwanza bila kumwonea haya.

Wapo watakaobaki darasa la pili maisha yao yote. Hao walinde nyumba, nako ni kazi. Kwa yule bibi wa Liuli, mjukuu ndiye mwalimu sasa, jioni akitoka shule. Simba amefika la tatu na anashinda shambani na bibi. Wa pili yuko njiani. Wa tatu akiona hata ngedere mdogo anakimbilia nyumbani, tumekubaliana alinde kuku.

KABLA YA YOTE, CHANJO

Mbwa anayekabiliana na wanyama wa porini yuko karibu zaidi na kichaa cha mbwa. Achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake uitunze. Mtu aking'atwa, hata kama ni mkwaruzo mdogo na hata kama mbwa ni wenu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake majani, usisubiri kuona. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Siku ya chanjo kijijini kwenu mlete akiwa na kamba, na dagaa kadhaa mfukoni. Mpe kimoja mnaposubiri foleni, kingine mara baada ya sindano, ili mwakani asitukimbie.