Jina la mtoto na kifupi chake

Swali: Tunatarajia mtoto wa kiume. Mimi nataka Ezekieli, mke wangu Silwano. Nahofia watu watayakatakata.

Jibu: Watayakata, ndugu yangu, na hakuna ubaya. Hata Biblia hufupisha: wataalamu wengi huona kuwa Silwano wa nyaraka za Paulo ndiye Sila wa Matendo ya Mitume. Mkeo basi amechagua jina lenye kifupi cha tangu kale, na kitamu kuita.

Ezekieli ni zito zaidi. Maana yake Mungu hutia nguvu. Lakini “eli” ya mwisho ndiyo Mungu kwa Kiebrania, na mtaani watabakiza “Eze”, yaani watamwacha Mungu nje. Mimi ningechukua Silwano. Ukishikilia lako, nyumbani mwiteni kwa ukamilifu tangu siku ya kwanza.