Somo la Kamati: Jinsi Serikali Inavyompata Msanifu wa Mfumo wa Majitaka



Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo wengi wetu hatupendi kulizungumza hadharani, yaani majitaka. Tunalileta kwa sababu limetugharimu. Katika hospitali moja ya jimbo inayotumika kama hospitali teule ya wilaya, chemba iliyo nyuma ya wodi ya watoto ilikuwa ikifurika kila masika. Kamati iliita fundi, akachimba, akatoa bomba la zamani na kulaza jipya. Masika yaliyofuata chemba ikafurika tena. Tukawaomba wafadhili fedha nyingine, tukarudia kazi ileile. Ikafurika mara ya tatu. Muda wote huo akina mama walikuwa wakiruka maji machafu huku wamebeba watoto wagonjwa mgongoni.

Mara ya tatu ukarabati uliingizwa katika bajeti ya halmashauri, kwa kuwa hospitali ile hutoa huduma kwa niaba ya Serikali. Sisi tulitaka mkandarasi aje mwezi uleule. Halmashauri ikasema kwanza apatikane mhandisi mshauri wa kusanifu. Tulinung'unika, tukaona ni urasimu. Leo tunakiri kwamba tulikosea, na tungependa kamati nyingine zijifunze bila kulipa ada tuliyolipa sisi.

1. Kwa nini usanifu utangulie

Mhandisi alipofika hakuanza na sululu. Alifungua chemba zote na kupima mteremko. Bomba lilikuwa la milimita 150, lenye urefu wa mita 60, lakini lilishuka sentimita 30 tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kanuni ya siku nyingi katika kazi hii ni kwamba bomba la milimita 100 lishuke mita 1 katika kila mita 40, na la milimita 150 lishuke mita 1 katika kila mita 60. Bomba letu lilitakiwa kushuka mita nzima. Maji yakienda polepole mno, uchafu mzito hubaki chini na kuziba njia. Inatakiwa kasi ya walau sentimita 60 hivi kwa sekunde ili maji yajisafishie njia yenyewe.

Aligundua pia kwamba mifereji ya paa la wodi ilikuwa imeunganishwa na bomba la majitaka. Ndiyo maana balaa lilikuja na masika. Kwa hiyo mara mbili tulikuwa tumenunua bomba jipya na kulilaza katika kosa lilelile. Fundi wetu hakuwa mwizi wala mvivu. Alifanya alichoagizwa, na sisi ndio tuliomwagiza bila kujua ugonjwa.

2. Hatua ambazo Serikali hufuata

Nchini Tanzania ununuzi wa umma unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2011. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Kwa kifupi hatua ni hizi:

(a) Wenye hitaji huandika hadidu za rejea. Hii ni karatasi inayoeleza tatizo, eneo la kazi, kinachotakiwa kutolewa na muda wake. Hadidu zikisema tu "karabati mfumo wa majitaka", kila mwombaji atakisia lake, na bei zao haziwezi kulinganishwa.

(b) Fedha zikishathibitishwa, kitengo cha ununuzi hutangaza nafasi. Tangu mwaka 2023 Serikali inatumia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Makampuni huonyesha nia, na yenye sifa huingizwa katika orodha fupi.

(c) Walio katika orodha hutakiwa kuleta pendekezo la kiufundi na pendekezo la bei, kila moja peke yake. La kiufundi hufunguliwa kwanza. Kamati ya tathmini hutoa alama kwa uzoefu, mbinu ya kazi na sifa za wataalamu. Asiyefikia alama za chini zilizowekwa, bei yake haifunguliwi kabisa.

(d) Mshindi hualikwa kwenye majadiliano, kisha mkataba husainiwa. Anayeona ameonewa ana njia ya kulalamika, hadi kufika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma (PPAA).

(e) Msanifu hukabidhi ripoti ya upimaji, michoro, mchanganuo wa vifaa na kazi pamoja na makisio ya gharama. Hapo ndipo zabuni ya mkandarasi hutangazwa.

Kanuni moja ni muhimu sana: aliyesanifu haruhusiwi kuomba kazi ya ujenzi inayotokana na usanifu wake. Angeruhusiwa, angeweza kuchora kile anachotaka kuuza.

3. Kwa nini bei rahisi isitawale

Wanakamati wengi hutuuliza kwa nini asichukuliwe tu mwenye bei ndogo. Wenzetu wa Marekani walilijibu swali hili kwa sheria mwaka 1972, sheria ijulikanayo kwa jina la mbunge Jack Brooks wa Texas. Chini ya sheria hiyo, Serikali kuu huwapanga wasanifu na wahandisi kwa uwezo wao, kisha hujadili bei na aliye wa kwanza. Wasipokubaliana, huenda kwa wa pili. Sababu yake inaeleweka. Ada ya usanifu ni sehemu ndogo ya gharama yote, lakini kosa la usanifu hulipiwa wakati wa ujenzi na kwa miaka mingi baadaye. Wahenga wetu walikwisha kusema, rahisi ghali.

Hata hivyo, gharama haiachwi huru. Marekani kuna ukomo wa asilimia 6 ya makisio ya ujenzi kwa kazi ya kutayarisha michoro na maelezo yake. Kwetu, bei hupewa alama zake baada ya ubora kupimwa.

4. Kamati ifanye nini

Sheria ya mwaka 2011 ilitamka kwamba hata vyombo visivyo vya Serikali vinabanwa na utaratibu huu pale vinapotumia fedha za umma. Basi, kama zahanati au shule yenu inapokea fedha hizo, utaratibu huu unawahusu. Hata kama fedha ni za waamini au wafadhili peke yao, busara yake inafaa.

Jambo la kwanza, hesabuni watu. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha chini cha lita 40 hadi 60 za maji kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, lita 5 kwa mgonjwa wa nje na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Kituo chenye wagonjwa 100 wa kulazwa, 200 wa nje na uzazi au upasuaji 5 kitahitaji lita 6,000, 1,000 na 500, jumla lita 7,500 kwa siku. Wahandisi wengi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji hurudi kama majitaka, yaani lita 6,000. Msisahau ndugu wanaouguza, jiko na wafanyakazi.

Jambo la pili, andikeni historia: chemba gani hufurika, lini, na nini hutolewa humo. Pamba, glavu na mafuta ya jikoni humweleza mhandisi mengi.

Jambo la tatu, hakikisheni mhandisi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB).

Jambo la nne, hifadhini michoro ofisini. Kwetu haikuwapo hata mmoja, na siku kadhaa za upimaji ziliishia kutafuta bomba zilipopita.

5. Neno kwa wafadhili

Tunajua ni rahisi kuchangia kitu kinachopigwa picha. Michoro haina picha nzuri. Lakini fedha mlizotupa mara mbili zingetosha kulipia usanifu na kubaki. Tunawaomba msamaha kwa hilo. Kuanzia sasa kila ombi letu la ukarabati mkubwa litatanguliwa na ombi dogo la usanifu, nanyi mtapewa nakala ya michoro kabla ya kuombwa fedha za ujenzi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, tunajua majitaka ya kituo chetu yanapita wapi na kuishia wapi?
2. Ni ukarabati gani tumeurudia zaidi ya mara moja, na nani alitafuta chanzo chake?
3. Nani katika kamati yetu anaweza kuandika ukurasa mmoja wa hadidu za rejea?