KUTHIBITISHA HATI ZA WASIOWEZA KUTIA SAINI

Aghalabu hutokea mzee akapooza mkono wa kulia ilhali hati ya shamba inangoja saini yake. Mtoto huchukua kalamu akaandika jina la baba yake, kwa nia njema kabisa. Saini hiyo si ya mzee, na siku ndugu watakapogombea shamba, hati iliyotegemewa ndiyo itakayoiangusha familia.

Sheria haimtaki mtu awe na mkono mzima. Tuchukue mfano wa mkulima wa uwanda wa juu wa Ufipa, tuseme karibu na Laela, anayepewa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hutakiwa atie saini, au alama yake mwenyewe, chini ya kila ukurasa. Basi alama ya dole gumba yatosha, na saini ya mkono wa kushoto, hata ikipinda, ni saini. Iwapo dole gumba halipo, tunashauri itumike alama ya kidole kingine, na kando yake iandikwe ni kidole gani na cha mkono upi.

Kwa hati ya kiapo au ya uwakilishi, wakili aliye Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Umma hathibitishi uzuri wa mwandiko. Athibitisha kwamba mtu yule alikuwa mbele yake, akatambuliwa, akaelewa yaliyoandikwa na kuyakubali kwa hiari. Asiyeona asomewe hati yote, si muhtasari. Asiyesikia aisome mwenyewe au apatiwe mkalimani wa lugha ya alama. Na mzee asemaye Kifipa tu atafsiriwe. Haya yote yaandikwe katika hati, pamoja na jina la aliyesoma, naye asiwe mwenye kunufaika nayo.

Mgonjwa asiyeweza kusafiri hadi Sumbawanga mjini aweza kufuatwa kitandani. Lakini sheria yataka mahali na tarehe ya kiapo viandikwe kwa ukweli: kilichoapwa Laela kisiandikwe kuwa kimeapwa Sumbawanga. Na hati iliyopelekwa mjini na kijana, ikarudi na muhuri hali mzee hakuonana na wakili, haijathibitishwa hata kidogo.

Wosia una masharti zaidi. Kwa wanaofuata sheria ya mila, kanuni za mwaka 1963 zataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mwenye wosia amesoma, na wasiopungua wanne, wawili kwa wawili, ikiwa hakusoma. Wote washuhudie kwa wakati mmoja. Kwa mzee aliyesoma lakini sasa haoni, ushauri wetu ni kuwaita wanne. Na pale kiharusi kilipogusa usemi, daktari aombwe barua kuhusu fahamu za mgonjwa kabla hati haijaandikwa, si baada ya mazishi.