Kuuliza Wachache ili Kujua Wengi

Mpishi huonja mchuzi kabla ya kupakua. Hali sufuria nzima ili kujua kama chumvi imetosha. Kijiko kimoja kinatosha. Lakini kwanza huukoroga. Asipoukoroga, chumvi hubaki chini na kijiko cha juu humdanganya.

Mnunuzi wa mahindi naye hutumia bambo. Huchoma gunia juu, katikati na chini, akatoa punje chache. Anajua kwamba mahindi mazuri yanaweza kuwekwa mdomoni mwa gunia, na mabovu yakafichwa ndani.

Kijiko kile cha mchuzi ni sampuli. Punje zile za bambo ni sampuli. Sampuli ni sehemu ndogo inayochukuliwa ili kujua hali ya kitu kizima. Hata hali ya watu hujulikana kwa sampuli.

Tuseme kijiji kina kaya 200. Kamati ya maji ina fedha za kisima kimoja. Inataka kujua ni kaya ngapi zinateka maji mbali. Haina nafasi ya kuzifikia zote, kwa hiyo itauliza kaya 20.

Je, iulize zipi? Ikiuliza watu walioketi dukani, itawapata wakazi wa karibu. Mama aliyekwenda mtoni tangu alfajiri hatakuwepo. Hakuna atakayesema uongo, lakini jibu halitakuwa la kijiji kizima. Kisima kitachimbwa karibu na duka, na mama yule ataendelea kwenda mtoni. Kosa hili huitwa upendeleo.

Je, tukiuliza watu wengi sana, upendeleo utaondoka? Hapana. Mwaka 1936 Marekani ilikuwa na uchaguzi wa Rais. Gazeti la Literary Digest lilipeleka kadi kwa watu wapatao milioni 10, kuwauliza watamchagua nani. Majina mengi lilitoa katika orodha za wenye simu na wenye magari. Miaka ile maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Tena, kadi zilizorudi zilikuwa milioni 2 na zaidi tu. Gazeti likatangaza kwamba Landon atashinda. Akashinda Roosevelt, katika majimbo 46 kati ya 48.

George Gallup aliuliza watu wapatao 50,000 tu, lakini alitafuta watu wa kila hali. Yeye alisema Roosevelt atashinda.

Njia nzuri ya kuepuka upendeleo ni bahati nasibu. Fanyeni hivi:

1. Andikeni kaya zote 200, hata zilizo mbali. Kila kaya ipewe namba.
2. Andikeni kila namba katika kikaratasi. Vikunjeni vyote namna moja.
3. Vitieni katika kapu, mvichanganye vizuri.
4. Mtu mmoja atoe vikaratasi 20 bila kutazama.
5. Nendeni kwenye kaya zote 20. Msiruke hata moja kwa sababu ya umbali. Msipomkuta mtu, rudini siku nyingine.

Kuchanganya vikaratasi ni kama kukoroga mchuzi. Kila kaya hupata nafasi sawa ya kuulizwa.

Tuseme kaya 15 kati ya 20 zinateka maji mbali. Hiyo ni robo tatu. Robo tatu ya kaya 200 ni kaya 150. Haya ni makadirio. Idadi yenyewe inaweza kuzidi au kupungua. Mkiuliza kaya 50 kwa bahati nasibu, kwa kawaida makadirio yatakuwa karibu zaidi na ukweli.

Maswali

1. Kwa nini mpishi hukoroga mchuzi kabla ya kuonja?
2. Gazeti la Marekani liliuliza watu wengi. Kwa nini lilikosea?
3. Kaya 10 kati ya 20 zikisema zinateka maji mbali, mtakadiria kaya ngapi kati ya 200?
4. Mkutano wa kijiji chenu ukifanyika asubuhi, ni watu gani hukosa kuja? Mtajuaje mawazo yao? Zungumzeni darasani.