Karatasi Sita za Mpiga Kura: Kila Moja na Kazi Yake



Kila baada ya miaka mitano raia wa Kenya huingia katika kituo cha kupigia kura, akapewa karatasi sita, akaweka alama sita, akazitia katika masanduku sita, kisha akarudi kwake. Ukimwuliza, "Umemchagua nani?" atakutajia jina moja tu, la Rais. Ukimwuliza juu ya karatasi zile tano zilizosalia, wengi katika sisi hunyamaza, au husema, "Nimefuata chama." Kisha mvua ikinyesha na mtaro wa mtaani ukaziba, mtu huyo huyo humlaumu Rais, na polisi wakimdhulumu kijana wake, humwendea gavana. Mara zote mbili amebisha mlango usiokuwa wake.

Somo letu la leo lakusudia kuondoa ujinga huo. Hatusemi achaguliwe fulani wala chama fulani. Hiyo si kazi ya darsa. Twasema kwamba kura ni hati ya uwakili: wampa mtu madaraka akufanyie jambo maalumu. Na mwenye kuweka mtu wakili bila kujua amemwakilisha katika nini, hatajua pia siku ya kumdai amdai nini.

1. Wakati wa uchaguzi, na sharti za mpiga kura

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 imeiweka siku ya uchaguzi mkuu kuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, katika kila mwaka wa tano. Uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo ulifanywa tarehe 4 Machi 2013, kwa kuwa ulikuwa wakati wa mpito. Wa pili tarehe 8 Agosti 2017. Wa tatu tarehe 9 Agosti 2022. Kwa hesabu hiyo, siku ya mwaka 2027 yaangukia tarehe 10 Agosti.

Sharti za mpiga kura ni hizi: awe raia, awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu, asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia, na jina lake liwe limeandikwa katika daftari la wapiga kura kwa kitambulisho au pasipoti. Sharti hii ya mwisho ndiyo iwakoseshayo wengi. Mtu huwa na kitambulisho mfukoni, akadhani kimemtosha, kumbe jina lake halimo daftarini.

Tanbihi: Mtu hupiga kura pale alipojiandikisha, si pale anapokaa. Aliyejiandikisha Lamu na maisha yake yote yako Kisauni, atamchagua gavana wa Lamu, na taka za mlangoni kwake zaondolewa na serikali ya Mombasa. Hakuvunja sheria yoyote. Lakini na aiangalie hasara hiyo mwenyewe, kwani sheria yamruhusu kuhamisha jina lake kabla daftari halijafungwa kwa ajili ya uchaguzi.

2. Karatasi sita na wenyewe

Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290, na wadi 1,450. Ukiyashika mafungu haya matatu, karatasi zote sita zitakuwa nyepesi kwako.

*Ya kwanza ni ya Rais.* Nchi nzima yamchagua mmoja, pamoja na naibu wake. Serikali yake ndiyo yenye ulinzi, polisi, mambo ya nje, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu, bandari kubwa, na vitambulisho. Kijana akizungushwa miaka miwili bila kupata kitambulisho, malalamiko hayo ni ya serikali ya taifa, si ya kaunti.

*Ya pili ni ya mbunge.* Achaguliwa na watu wa eneo bunge lake. Kazi yake ni tatu: kutunga sheria, kupitisha bajeti ya taifa, na kuichunga serikali. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003 umewazoesha watu kumwona mbunge kuwa mlipa karo na mjenga madarasa, hata wakaisahau kazi yake ya asili. Ajengaye darasa moja kisha akapitisha kodi asiyoisoma, hesabu yake bado haijakamilika.

*Ya tatu ni ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti.* Wako 47. Wako wadhanio kwamba karatasi hii ni ya wanawake peke yao, na hilo ni kosa. Mgombea ndiye lazima awe mwanamke. Ama wapiga kura ni wote, waume kwa wake. Yeye huketi katika Bunge la Taifa pamoja na wabunge 290, na kura yake humo ni sawa na ya mbunge yeyote. Wala haikukatazwa mwanamke kugombea vile viti vingine vitano. Na tukumbuke kwamba katikati ya miaka ya 1950, wanawake wa Kiarabu wa Mombasa waliwahi kupeleka ombi kwa serikali ya kikoloni wakitaka haki ya kupiga kura waliyonyimwa. Haki iliyoombwa na bibi zetu si ya kuachwa na wajukuu kwa sababu ya foleni ndefu.

*Ya nne ni ya seneta.* Kila kaunti ina mmoja, na wengine 20 huteuliwa kwa orodha za vyama. Seneti ndiyo mlinzi wa kaunti. Humo ndimo ligawanywamo fungu la mapato ya taifa liendalo kwa kaunti, ambalo Katiba imekataza lisipungue asilimia 15. Na humo ndimo ahukumiwamo gavana aliyeshtakiwa na bunge la kaunti yake.

*Ya tano ni ya gavana,* naye huchaguliwa pamoja na naibu wake. Mikononi mwake mna hospitali za kaunti na zahanati, maji, masoko, barabara ndogo, mitaro, uzoaji wa taka, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, leseni za biashara, na makaburi. Tazama basi: tangu mtoto kuzaliwa zahanati hata mtu kupelekwa kaburini, mengi ya njiani yamo katika karatasi hii.

*Ya sita ni ya mjumbe wa bunge la kaunti,* ambaye wengi wetu twamwita bado diwani. Achaguliwa na wadi, basi ndiye aliye karibu zaidi na mlango wako, na ndiye asiyejulikana. Bajeti ya gavana haipiti ila kwa kura ya wajumbe hawa, na sheria za kaunti wao ndio wazitungao. Tena theluthi mbili yao wakikubaliana, humshtaki gavana mbele ya Seneti, na Seneti ikithibitisha, gavana huondoka. Ndiyo maana twasema: mwenye kuiona karatasi ya sita kuwa ya masikhara, ameilegeza na ya tano pia, kwani amemweka gavana, kisha akamnyima mchunguzi.

3. Mshindi hupatikana vipi

Katika viti vitano, kanuni ni moja: aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata akimzidi wa pili kwa kura moja.

Ama Rais, ana sharti mbili zisizoachana. La kwanza, apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. La pili, apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani katika kaunti 24 au zaidi. Hekima ya sharti la pili ni kuzuia mtu asitawale wote kwa wingi wa watu wa kwao tu. Asipopatikana wa kutimiza yote mawili, uchaguzi hurudiwa ndani ya siku 30 baina ya wawili walioongoza.

Mwenye kupinga matokeo ya Rais hupeleka mashtaka katika Mahakama ya Juu ndani ya siku saba tangu kutangazwa, nayo hutoa hukumu ndani ya siku 14. Mambo haya si maandishi matupu. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo iliubatilisha uchaguzi wa Rais uliofanywa Agosti, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Tarehe 5 Septemba 2022 ilisikiliza tena na ikayathibitisha matokeo. Viti vingine hupingwa ndani ya siku 28: vya gavana, seneta na wabunge katika Mahakama Kuu, na cha mjumbe wa wadi katika mahakama ya hakimu.

4. Kura huhesabiwa wapi

Hapa pana jambo ambalo laiti kila mtu angalilijua. Kura haihesabiwi Nairobi. Huhesabiwa katika chumba kile kile ulimoipigia, jioni ile ile, mbele ya mawakala wa wagombea. Msimamizi wa kituo huyaandika matokeo ya Rais katika Fomu 34A, akatia saini yeye na mawakala, na nakala hubandikwa mlangoni ili kila mtu aisome. Fomu za vituo hukusanywa katika eneo bunge na kuwa Fomu 34B, kisha zote hujumlishwa katika Fomu 34C, ndipo mshindi akatangazwa.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilihukumu kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, hayageuzwi makao makuu. Na mwaka 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliziweka picha za Fomu 34A hadharani, hata aliye nyumbani akaweza kujumlisha mwenyewe. Tumefika hapo kwa gharama kubwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, watu hawakuamini hesabu iliyotangazwa, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Basi fomu ile iliyobandikwa mlangoni ipigwe picha, isomwe, ihifadhiwe. Shaka ikiingia, huondolewa kwa maandishi, si kwa panga.

5. Yanayobatilisha kura

Hubatilika kura kwa mambo haya: kutiwa alama kwa wagombea wawili katika karatasi moja, kuachwa bila alama yoyote, kutiwa alama isiyofahamika akusudiwaye, kuandikwa jina au jambo limtambulishalo mpiga kura, na kukosa muhuri wa Tume.

Aliyekosea kabla hajaitia karatasi sandukuni asione haya. Na airudishe kwa msimamizi apewe nyingine. Asiyeona au asiyejua kusoma ana haki ya kuingia na mtu amwaminiye mwenyewe, wala mgombea au wakala wake haruhusiwi kuwa msaidizi huyo. Na aliyekwisha kuwa katika foleni ifikapo saa kumi na moja jioni ana haki ya kupiga kura, hata ikiwa usiku.

Ama siri ya kura, ni ngome ya mnyonge. Mwaka 1988, katika uteuzi wa chama kilichokuwa peke yake, watu walilazimishwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea, mchana, mbele ya chifu na tajiri na mwenye nyumba. Je, mpangaji angesimama wapi? Basi akuombaye leo upige picha karatasi yako ili umwonyeshe, ajua usijue yeye anataka kuurudisha mlolongo ule.

6. Shaka na jawabu lake

Husemwa: "Kura yangu moja itafaa nini katika mamilioni?"

Jawabu: Tuhesabu. Mwaka 2022 mshindi wa urais alipata kura 7,176,141, na wa pili 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya, utapata kura tano tu kwa kila kituo. Bali ukitazama lile sharti la kuipita nusu, alilipita kwa ziada isiyofika kura mbili kwa kila kituo. Na waliojiandikisha walikuwa 22,120,458. Wasiofika kupiga kura walizidi milioni saba na nusu, yaani waliokaa nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi. Ikiwa hivyo ndivyo kwa nchi nzima, itakuwaje kwa wadi?

Husemwa tena: "Wote ni wamoja, bora nichukue changu mapema."

Jawabu: Mpaji na mpokeaji wa rushwa ya kura wote ni wakosaji mbele ya sheria. Tuyaache hayo, tuitazame biashara yenyewe. Ukipewa shilingi 200 kwa miaka mitano, miaka hiyo ina siku 1,826. Umeuza kila siku kwa senti zisizofika 11. Kwa bei hiyo umeuza maji, zahanati, mtaro, na kaburi la mzazi wako. Na aliyekununua hatakuja kukuuliza haja yako, kwa kuwa deni lake amekwisha kulilipa.

Maswali ya kujipima kabla ya darsa lijalo

1. Taja karatasi sita, na useme ipi huchaguliwa na nchi, zipi na kaunti, ipi na eneo bunge, na ipi na wadi.
2. Dawa zikikosekana katika zahanati ya kaunti, nani adaiwe kwanza, na nani alipasa kumchunguza?
3. Mgombea urais amepata asilimia 52 ya kura zote, lakini robo amezipata katika kaunti 20 tu. Je, ameshinda? Toa sababu.
4. Kwa nini nakala ya Fomu 34A hubandikwa mlangoni pa kituo?
5. Taja jina la mjumbe wa wadi yako, na jambo moja alilolisema katika bunge la kaunti mwaka huu. Usiyeweza, njoo na jawabu wiki ijayo.