Mada ya Marudio: Kusoma QRS Isiyo ya Kawaida kwenye Mchoro wa Umeme wa Moyo

Katika mada ya usafirishaji wa vitu mwilini, wengi hukariri vyumba vinne vya moyo na valvu zake, kisha hukwama wanapopewa mchoro wa ECG wa mgonjwa. Wakiona umbo wasilolizoea huandika, "Moyo una matatizo." Jibu hilo halina alama, na hospitalini halimsaidii mgonjwa. Somo hili linakufundisha kupima kwanza, kisha kueleza.

Kumbuka njia ya umeme

Kila pigo la kawaida huanzia kwenye nodi ya SA, iliyo ukutani mwa atria ya kulia. Umeme husambaa kwenye atria zote mbili, nazo husinyaa. Ukifika nodi ya AV hucheleweshwa kidogo ili damu iwahi kuingia ventrikali. Baada ya hapo hupita kwenye kifungu cha His, hugawanyika katika tawi la kulia na tawi la kushoto, na kumalizikia kwenye nyuzi za Purkinje.

Mwanasayansi wa Uholanzi, Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, ndiye aliyeyapa mawimbi hayo herufi tunazotumia:
- P: umeme unasambaa kwenye atria.
- QRS: umeme unasambaa kwenye ventrikali.
- T: ventrikali zinarudi katika hali ya utulivu wa umeme.

Vipimo vya kukumbuka

Kwa kawaida karatasi husogea milimita 25 kwa sekunde. Kwa hiyo:
- Mraba mdogo 1 (milimita 1) = sekunde 0.04.
- Mraba mkubwa 1 (miraba midogo 5) = sekunde 0.20.
- Mapigo kwa dakika = 300 ÷ idadi ya miraba mikubwa kati ya R moja na R inayofuata. Kanuni hii hufaa mapigo yakiwa na mpangilio sawa.
- QRS ya kawaida kwa mtu mzima haifiki sekunde 0.12, yaani ni chini ya miraba midogo 3.

Kwa nini QRS huwa pana?

Matawi na nyuzi za Purkinje ni kama barabara ya lami: umeme hupita haraka, na ventrikali zote husinyaa karibu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana QRS ya kawaida ni nyembamba. Umeme ukikosa barabara hiyo hupenya msuli hadi msuli, kama mtu anayepita vichochoroni. Atafika, lakini atachelewa. Ucheleweshaji huo ndio unaoonekana kama QRS pana.

Mfano uliofanyiwa kazi

Mgonjwa wa miaka 58 analalamika kwamba moyo "unaruka". Kwenye mchoro wake, R hadi R ni miraba mikubwa 4, na QRS ni miraba midogo 2. Katikati limetokea pigo moja lililowahi, lenye QRS ya miraba midogo 4 isiyotanguliwa na P. Baada yake kuna kituo kirefu. Fafanua.

*Hatua ya 1: Mapigo.* 300 ÷ 4 = 75 kwa dakika. Ni ya kawaida.

*Hatua ya 2: Upana.* QRS za kawaida: 2 × 0.04 = sekunde 0.08. Pigo geni: 4 × 0.04 = sekunde 0.16. Ni pana.

*Hatua ya 3: Je, kuna P?* Hakuna. Pigo hilo halikuanzia nodi ya SA.

*Hatua ya 4: Hitimisho.* Pigo limeanzia ndani ya ventrikali na kusambaa kupitia msuli. Kituo kinatokea kwa sababu umeme wa kawaida uliofuata ulizikuta ventrikali bado hazijawa tayari kusisimuliwa tena.

Zingatia

Pigo la namna hii likitokea mara mojamoja huweza kuonekana hata kwa mtu mwenye afya. Lakini QRS pana kwa mgonjwa wa figo, ikiambatana na T ndefu zilizochongoka, humfanya daktari ashuku mara moja kwamba potasiamu imezidi katika damu. Hali hiyo inaweza kusimamisha moyo, hivyo hushughulikiwa kwa dharura. Umbo pana ni pana kote kuwili, lakini uzito wake hutofautiana. Kwa hiyo soma mchoro pamoja na maelezo ya mgonjwa.

Zoezi (alama 5)

Mchoro wa mgonjwa unaonyesha R hadi R miraba mikubwa 5. Kila QRS ina upana wa miraba midogo 3.5, na kila moja inatanguliwa na P kwa umbali usiobadilika.
(a) Kokotoa mapigo kwa dakika. (alama 1)
(b) Kokotoa upana wa QRS na utoe uamuzi. (alama 2)
(c) Eleza hitilafu inaweza kuwa wapi. (alama 2)

Majibu

(a) 300 ÷ 5 = mapigo 60 kwa dakika.
(b) 3.5 × 0.04 = sekunde 0.14. Imezidi 0.12, hivyo ni pana.
(c) P inatangulia kila QRS kwa umbali uleule, hivyo umeme unatoka atria na kupita nodi ya AV. Ucheleweshaji uko chini ya hapo, huenda katika tawi la kulia au la kushoto lililoziba njia ya umeme.

Ukikosa (c), usikariri jibu. Rudi kwenye njia ya umeme, ichore bila kutazama kitabu, kisha ujiulize: umeme umefika salama hadi wapi?