Jinsi Kompyuta Inavyoachia Majedwali ya Kumbukumbu kwa Usalama

Kompyuta huendesha programu nyingi kwa wakati mmoja, na kila programu hufanya kazi kana kwamba kumbukumbu yote ni yake peke yake. Hili huwezekana kwa kuwa anwani zinazotumiwa na programu si anwani halisi. Mbinu hii ilianza katika kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962. Leo imo hata katika simu za mkononi.

Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, ambazo mara nyingi huwa na baiti 4,096 kila mmoja. Kiini cha mfumo-endeshi, yaani programu kuu inayotawala mashine, hutunza jedwali linaloonyesha mahali halisi pa kila ukurasa. Tuchukue anwani 20,500. Tukigawanya kwa 4,096 tunapata 5, baki 20. Ikiwa jedwali laonyesha kwamba ukurasa namba 5 umo katika nafasi namba 9, basi anwani halisi ni 9 × 4,096 + 20 = 36,884.

Katika prosesa nyingi za biti 64 jedwali hilo huwa na ngazi nne, na kila kipande chake hukaa katika ukurasa wenye mistari 512. Kupitia ngazi zote kwa kila anwani kungechelewesha kazi mno. Kwa hiyo prosesa hujiwekea nakala za majibu iliyokwisha kuyapata. Yafaa izingatiwe kwamba jedwali likibadilishwa, nakala hizo kwa kawaida hazibadiliki zenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Ukurasa ukiondolewa kwa programu moja na kupewa nyingine, huku prosesa ingali na nakala ya zamani, programu ya kwanza itaweza kusoma, hata kuharibu, habari za mwenzake. Hatari huzidi iwapo kinachoachiwa ni kipande cha jedwali lenyewe. Prosesa huweza kuhifadhi pia njia ya kukifikia kipande hicho. Kikijazwa habari nyingine, itazisoma kana kwamba ni anwani, na kupotoka popote.

Kwa sababu hiyo kiini hufuata utaratibu huu:

1. Hufuta mstari unaohusika katika jedwali.
2. Huamuru prosesa zote zinazotumia jedwali hilo zifute nakala zao. Katika mashine nyingi, kila prosesa hupelekewa ishara ya kuikatiza kazi.
3. Hungoja mpaka zote zithibitishe kwamba zimetii.
4. Ndipo huachia ukurasa utumike tena.

Kukatiza kazi za prosesa mara kwa mara hupoteza wakati. Kiini cha Linux, kilichoanza mwaka 1991, hupunguza hasara hiyo kwa kukusanya kurasa nyingi zinazosubiri, kutoa amri kwa pamoja, kisha kuziachia zote. Idadi ya amri hupungua, lakini mpangilio wa hatua haubadiliki.

Maswali

1. Ukurasa namba 2 umo katika nafasi namba 7. Tafuta anwani halisi ya 8,200. (Jibu: 28,680)
2. Eleza madhara yatakayotokea iwapo hatua ya nne itatangulia ya tatu.
3. Kwa nini kufuta mstari wa jedwali peke yake hakutoshi?